Stendi ya Msumeno wa Mwarandu

Ukitoka barabara ya Malindi pale Mtopanga na kushika njia ya vumbi iendayo kwenye mashine ya kusaga unga, utapita duka la simu, utapita kanisa la mabati, halafu utasikia kelele. Kelele hizo ndizo kijiwe chenyewe. Benchi limeegemezwa ukuta wa kinyozi, mbele yake Mzee Kiponda ameweka jiko la makaa na dele lake la shaba la kahawa, na tangu alasiri mpaka jua lichwe watu wazima wenye wake na watoto hukaa hapo kuamua mambo ambayo hakuna aliyewaomba wayaamue. Wameshabishania kama samaki hulala, kama mtu mfupi hula kuliko mrefu, na ni nani mwenye kosa kuku akigongwa na pikipiki. Hawajawahi kukubaliana ila juu ya neno moja, kwamba kahawa haitiwi sukari. Lakini siku hizi ubishi ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa mzito: stendi ya msumeno.

Msumeno wenyewe ulikuwa wa Mwarandu. Ni ule wa umeme, wenye kisahani cha meno, unaoushusha kwa mkono juu ya mbao ukakata sawa au ukakata pembe, upendavyo. Mwarandu ni seremala kweli, si wale wanaopinda misumari halafu wakalaumu mbao. Alipoununua aliuweka chini sakafuni, akachuchumaa mbele yake, mkono kwenye mpini na mguu wa kulia juu ya mbao kuikandamiza isicheze. Ndivyo wanavyokata mafundi tele huku kwetu, na ukiwauliza watakuambia mguu ni kibano cha bure.

Mguu huo siku moja ukakanyaga msumari. Kidonda kidogo, akakidharau. Kumbe ana sukari mwilini na hajijui. Kidonda kikakataa kupona, kikapanda, na huko hospitali wakaukata mguu chini ya goti ili roho ibaki. Sasa Mwarandu alikuwa amerudi kwake, nyuma ya mashine ya unga, mwendo wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa.

Hapo ndipo kijiwe kilipopata mtihani. Kwa desturi mgonjwa huendewa na kilo ya sukari na mkate. Huyu sukari ndiyo iliyomla mguu, na mkate amekatazwa. Utamwendea na nini? Wakakuna vichwa, mpaka Menza akasema, tumnunulie stendi, msumeno uinuke kutoka chini, ndugu yetu arudi kazini. Kila mtu akashangilia. Mchango ukapita siku hiyo hiyo na pesa zikawekwa kwa Mzee Kiponda. Ilibaki kuchagua stendi tu. Na kuchagua kukawa hakuishi, na muda wote huo hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga kwa Mwarandu, kwa sababu wote walikuwa wanangoja stendi.

Menza ni fundi wa sofa. Yeye na Mwarandu walikuwa kibanda kimoja: huyu anaunda fremu, huyu anaivisha sponji na kitambaa. Mteja akisifia sofa, Mwarandu alikuwa akisema sifa ni ya mifupa, na Menza akimjibu kwamba hajaona bado mtu aliyekalia mifupa. Sasa Menza ananunua fremu kwa fundi mwingine huko Kisauni, na kila akigonga kitambaa juu yake anajiona kama mtu anayekula mezani kwa jirani huku mkewe amepika. Wengine pale kijiweni walikuwa rafiki zake Mwarandu wa kahawa. Yeye alikuwa wa kazi. Kwa hiyo aibu yake ilikuwa kubwa kuliko zao, na sauti yake juu ya stendi ilikuwa kubwa kuliko zao vilevile.

— Nimesema na narudia, alianza jioni hiyo kabla hata hajakaa sawasawa. Meza. Meza ya mbao, nzito, isiyotikisika hata lori likipita. Msumeno ukae juu yake kama bibi harusi.

— Meza, mzee wangu? Gugo akacheka. Hiyo ni ya zamani sana.

Gugo jina lake la ubatizo ni Gedion, mwendesha bodaboda, kijana wa bara. Wamemwita Gugo kwa sababu hakuna swali asiloliuliza simu yake kwanza. Akaitoa simu mfukoni, akaisogeza kwenye pua ya Menza.

— Cheki hii. Inakunjwa. Ina magurudumu. Ina mikono ya kuvuta huku na huku, mbao ikiwa ndefu inalala juu yake. Ukimaliza unaifunga, unaisukuma hadi nyumbani. Hiyo ndiyo stendi.

— Huyo mzungu wa kwenye picha anakata nini? aliuliza Krini, akiinama kutazama.

— Mbao.

— Mbona nguo zake safi? Mtu anayekata mbao huwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Huyo ni mwigizaji.

Krini ni Odhiambo, mstaafu wa bandarini. Kazi yake ilikuwa kufunga minyororo ya makontena, na krini yenyewe ya kuinulia mizigo hakuipanda hata siku moja, lakini majina ya kijiweni hayaulizi vyeti.

— Stendi ni chuma, akaendelea Krini. Chuma cha pembe, kichomelewe vizuri, kichimbiwe chini kwa zege. Kule bandarini hakuna kinachosimama bila kufungwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Hapo methali imeingiaje? akauliza Menza.

— Imeingia kwa mlango. Kunywa kahawa yako.

— Ndugu zangu, ndugu zangu, akasema Askofu, na mikono yake ikainuka kama kawaida.

Huyo ni Masha, muuza viatu vya mitumba. Kanisani yeye huimba kwaya tena mstari wa nyuma, ila kijiweni ndiye mwenye kufungua na kufunga kila jambo kwa baraka.

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo stendi iwe fupi.

— Askofu! Menza alipiga paja. Tunataka asiiname! Si ndiyo maana ya stendi?

— Basi iwe ndefu. Methali inageuka.

Mzee Kiponda alicheka mpaka dele likamtikisika mkononi. Akawamiminia, kikombe kwa kikombe, na kashata akawapitishia.

— Tuongee usalama, akasema Krini. Hiyo yenye magurudumu, hapa Mtopanga italala kwako siku moja. Ya pili italala kwa mwenyewe mpya.

— Mwenda pole hajikwai, Askofu akaunga mkono, lakini mwenye gurudumu harudi.

— Hiyo si methali, mzee.

— Itakuwa. Zote zilianza hivyo.

— Sikizeni kwanza, Gugo akasema. Magurudumu ni mawili tu. Upande ule mwingine kuna mi… Akasita, akakohoa kidogo. Kuna nguzo. Nguzo mbili, zinakunjika.

Hapakuwa na kikao kilichopitisha kwamba stendi haina miguu ila nguzo. Neno lile lilijiondokea tu siku Mwarandu aliporudi kutoka hospitali, na kila mmoja akajitia hakuona lilivyokwenda. Sasa walikuwa na nguzo tatu, nguzo nne, nguzo za kurefusha na nguzo za kukunja, na mtu mzima mwenye mvi angeweza kukata sentensi yake katikati, akameza mate, akaanza upya.

— Ya nguzo tatu ndiyo haitikisiki, alisema Menza haraka. Hata sakafu ikiwa na mabonde. Muulizeni mama yeyote mwenye mafiga.

— Nguzo tatu, ukiegemea upande unapinduka nayo, akasema Krini. Zege.

— Na akihama? akauliza Menza.

— Ahamie wapi? Mtu kama… Krini naye akameza mate. Haya, tuseme anahama. Basi isiwe na nguzo hata moja.

— Ielee?

— Itundikwe! Boriti ya chuma juu, mnyororo, ndoano. Fundi akitaka kukata anavuta kamba, msumeno unashuka. Akimaliza unapanda juu zake. Nimeona vitu vizito kuliko nyumba vikifanywa hivyo.

— Msumeno uning'inie juu ya kichwa cha mtu? Mzee Kiponda alishusha dele. Wallahi, yakhe, huyu mwataka kumsaidia au mwataka kumchinja?

— Papo kwa papo kamba hukata jiwe, alisema Askofu.

— Kamba ikikata hapo hakuna jiwe, kuna shingo!

Gugo alikuwa ameshashika moto. Alisimama.

— Mimi naona mbali zaidi. Tuufunge nyuma ya boda yangu. Mteja akipiga simu kutoka Mikindani, twende. Tunamkatia mbao mlangoni kwake na kurudi. Umeme tunatoa kwa betri. Mwarandu anakaa nyuma, anashika mpini, mimi naendesha.

— Mbao inakatwa mkienda?

— Tukisimama, mzee! Mnanionaje?

— Na mimi nipande na viatu vyangu, alisema Askofu. Tuwe soko zima.

— Kuna nyingine, Gugo akasema, akirudi kwenye simu yake. Huko Uchina inajikata yenyewe. Unapanga vipimo kwa simu, unabonyeza. Fundi amelala zake kitandani, mbao zinakatika.

— Akilala kitandani huyo si fundi, alisema Krini, huyo ni mgonjwa.

Neno likatoka, likakaa katikati yao. Krini mwenyewe ndiye aliyelisikia mwisho. Akatazama ndani ya kikombe chake kama kwamba kuna kitu kimetumbukia. Kinyozi ndani ya duka alizima mashine yake ya kunyolea, na makaa ya Mzee Kiponda yakasikika yakipasuka.

Menza aliona uso wake unapata moto. Alimwona Mwarandu kitandani. Hakumwona kweli, maana hakuwa amekwenda, na hilo ndilo lililomuuma: alikuwa akimbuni mtu aliyefanya naye kazi ukuta mmoja, wakati mtu mwenyewe yuko hapo nyuma ya mashine ya unga, ana uso wake na sauti yake.

Askofu ndiye aliyesema, tena bila kuinua mikono.

— Juzi nilifungua bunda la viatu. Nikakuta pea moja nzuri, ngozi, kisigino hakijaliwa. Saizi yake. Nikaiweka kando kama siku zote, nikisema hii ya Mwarandu. Ndipo nikakumbuka.

Akaonyesha kwa kidevu upande wa kibanda chake.

— Iko pale kibandani mpaka sasa. Kuiuza siwezi. Kumpelekea, nimpelekee vipi? Nimpe kimoja? Nimpe vyote viwili aone ninamcheka? Nimeigeuzageuza ile pea, ndugu zangu, mpaka mteja akaniuliza kama nimepoteza kitu.

— Ndiyo maana tunasema stendi, Menza alidakia, na sauti yake ikatoka juu kuliko alivyotaka. Mkono mtupu haulambwi. Hatuwezi kumwendea tumkodolee macho tu. Tukifika na stendi, tuna la kufanya. Tunaifungua, tunaifunga, tunaujaribu msumeno. Kuna maneno.

— Haswa, alisema Krini, na ungemwona alivyoshusha pumzi. Na tusiikimbilie. Haraka haraka haina baraka.

— Penye wengi hapaharibiki neno, Askofu akamalizia.

Mzee Kiponda aliwatazama mmoja mmoja. Alitaka kusema kitu, akaona afadhali apulize makaa.

— Basi tuanze na kimo, alisema Menza, akisimama. Chuma au mbao tutajua baadaye. Kimo kwanza. Msumeno ukae usawa wa kiuno.

— Kiuno cha nani?

— Kiuno. Hiki. Menza akajipiga kiunoni, akatanua mikono mbele yake, akashika mpini usiokuwapo na kuushusha. Hapa. Unaona? Mgongo umenyooka.

— Wewe ni mrefu. Mwarandu anakufika hapa. Krini naye akainuka na kujipanga kando yake, akatia mkono mmoja juu ya mbao ya hewa. Kimo ni hiki. Chini kidogo.

— Umepinda.

— Nimepinda kwa umri, si kwa stendi.

— Kaeni hivyo hivyo, alisema Gugo, akiinua simu. Msitikisike. Nawapiga picha tupime.

Wakawa hapo kando ya njia, wazee wawili wamesimama bega kwa bega, wameinua mikono, wanakata hewa huku na huku, na Askofu anawaambia nani ashuke na nani apande. Mwanamke aliyekuwa akija na mitungi miwili mitupu ya maji alipunguza mwendo, kisha akasimama kabisa.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu, mikono ikiwa bado juu.

— Samahani, mkokoteni wa maji hupitia hapa? Nimehamia juzi tu, kwenye ile ploti ya geti la bluu. Naitwa Mercyline.

— Hupita, binti, inshallah hauko mbali, alisema Mzee Kiponda, akimfutia nafasi benchini kwa kitambaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Keti. Hiki kikombe ni cha ukaribisho.

Mercyline alikaa, akaweka mitungi baina ya miguu yake. Alikunywa tone, uso ukamkunjamana kwa uchungu, akajikaza. Kisha akawatazama tena wale wawili.

— Na nyie wazee, hiyo ni mazoezi ya daktari?

Walikaa chini haraka. Ikabidi aelezwe, na kijiwe hakipendi kitu kama mgeni wa kuelezwa. Menza alimwambia habari ya Mwarandu na msumeno na kidonda. Krini akaeleza zege na mnyororo. Gugo akamwonyesha mzungu mwenye nguo safi, Askofu akamwekea methali juu, na kila mmoja alimwambia kwa upande wake kwamba shauri lake ndilo la busara. Mercyline alisikiliza yote vizuri, hakukata neno la mtu. Hata habari ya kutundika msumeno darini aliisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa polepole, kama anayehurumia watu wanaohangaika na jambo gumu kweli.

— Mungu awabariki, alisema. Si kila mtu ana marafiki hivi.

Menza aliangalia chini.

— Sasa mimi sijui mambo ya useremala, akaendelea. Nauliza tu nielewe. Huyo ndugu yenu, akikata, atakuwa amesimama, ama atakuwa amekaa?

— Amesimama, alisema Krini.

— Amekaa, alisema Askofu.

Walikuwa wamesema kwa pamoja. Wakatazamana.

— Nauliza kwa sababu ya kile kimo mlichokuwa mnapima, alisema Mercyline. Kwani amepewa magongo? Ama ni kiti? Ama wamemwahidi mguu wa bandia? Mkienda kumwona, huwa yukoje?

Alilitamka neno mguu kama mtu anavyotamka mlango au kijiko, na hakuna kilichopasuka. Gugo alitazama simu yake, naam, hata akaiwasha, ila kuna mambo hata simu haiwezi kuulizwa. Askofu alikuna goti. Menza alitafuta ndani yake kitu cha kusema, chochote, hata uongo mdogo wa heshima, na alichokipata humo ni kwamba hajui. Hajui kama rafiki yake anasimama. Hajui kama anakaa. Hajui analala upande gani, wala nani humsaidia kwenda uani, wala kama bado hucheka. Kwa muda wote huo alikuwa akijadili kiuno cha Mwarandu na hajui kiuno chenyewe kiko kimo gani kutoka ardhini.

Mkokoteni ulisikika ukija, mitungi ikigongana. Mercyline akainuka, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

— Huyo hapo. Asanteni kwa kahawa, wazee. Mumsalimie sana, hata kama hanijui.

Akaenda zake na mitungi yake. Hakujua alichokifanya, na wala hakuwa amekusudia kumfunza mtu adabu. Alikuwa ameuliza tu.

Mwishowe Krini alinyoosha kikombe chake, kwa mazoea, bila kutazama.

— Kahawa imekwisha, alisema Mzee Kiponda.

— Imekwisha? Dele si hilo latoa moshi?

— Nshasema imekwisha. Mzee alilifunika dele kwa kitambaa, akalitia ubavuni mwake, na kahawa ikasikika ikicheza ndani. Kwenu nyinyi leo imekwisha. Mimi ni mtu mzima, nimenyamaza siku zote hizi nikisema hawa wana aibu, aibu huisha. Kumbe mwaifuga. Pesa zenu ninazo, hazijaguswa. Stendi mtanunua. Lakini njia ya kwa Mwarandu haina mlango wala kufuli, na nyote mwaijua.

— Tupitie dukani basi, alisema Askofu kwa sauti ya chini. Tuchukue hata matunda.

— Matunda yana sukari, akasema Gugo.

— Basi chumvi.

— Chumvi nayo…

— Twendeni, alisema Menza.

Akatangulia. Hakungoja aone nani anamfuata, maana alijijua, akigeuka tu atapata sababu ya kurudi. Mikono yake alikuwa hajui aiweke wapi. Akaitia mfukoni, akaitoa, akaifunga nyuma. Alipita mashine ya unga na vumbi lake jeupe. Nyuma yake alisikia ndala za Krini, kisha viatu vya Askofu, na pikipiki ya Gugo ikisukumwa bila kuwashwa. Walikuwa wanakuja kama watoto wanaopelekwa kuchanjwa, lakini walikuwa wanakuja.

— Hodi.

Nyamvula, mke wa Mwarandu, alitokea mlangoni na ungo mkononi. Aliwatazama wote wanne, kutoka wa mbele hadi wa nyuma.

— Kumbe njia mnaikumbuka, alisema. Menza aliona macho yake yanalengalenga na pembe ya mdomo inataka kucheka, vyote kwa pamoja. Karibuni. Yuko uani. Msimpe pole nyingi, huwa hazipendi.

Mwarandu alikuwa amekalia kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, ukali wake umezungushiwa kitambaa. Msumeno ulikuwa mbele yake, chini, juu ya matofali mawili, na waya wa umeme umevutwa kutoka jikoni. Mguu wa kushoto aliukunja. Ule wa kulia, ulioishia chini ya goti, aliunyoosha mbele, umefungwa kitambaa safi cheupe. Alikuwa amepungua mwili. Ndevu zilikuwa zimemwota, na katikati yake zilikuwa nyeupe, kitu ambacho Menza hangeweza kukibuni hata angekaa benchini mwaka mzima. Alikuwa ameweka ubao chini ya meno, na kila alipouachia mkono ncha ya mbali ilijiinua na kusogea.

Aliinua kichwa, akawaona. Uso haukubadilika sana. Labda alikuwa ameshakasirika akamaliza. Labda alikuwa na kazi.

— Menza, alisema. Shika huko mwisho. Inanichezea.

Menza alipiga magoti kwenye mchanga, akaushika ubao kwa mikono yote miwili. Mwarandu akashusha mpini. Msumeno ukalia, vumbi likaruka likawaingia wote wawili puani, na kipande kikaanguka. Mwarandu alikiokota, akakipuliza, akakitazama pembe yake kwa jicho moja.

— Kimekwenda upande.

— Kidogo tu, alisema Menza.

— Kidogo ni kwenda upande.

Wale watatu walikuwa wamesimama mlangoni mwa ua, hakuna mwenye methali. Menza alikuwa amepanga maneno njiani, maneno ya pole na ya kuomba radhi na ya kueleza shida ya magurudumu, na yote yalikuwa yamemwisha. Machozi yalimtoka, akaona afadhali yatoke. Lililobaki lilikuwa swali la yule mgeni, akalishika hilo.

— Ndugu yangu, tunataka kukuletea stendi. Sasa niambie wewe mwenyewe. Ukikata, utakuwa umekaa, ama utakuwa umesimama?

Mwarandu alitazama kibao alichokalia. Akatazama magongo mawili yaliyoegemea ukuta wa jikoni, mapya, hata vumbi hayajashika. Alifikiri kama fundi anavyofikiri kabla hajatia alama kwenye mbao.

— Leo nimekaa, alisema. Kesho sijui. Njoo uniulize.